Kifo cha Mtu si Hoja ya Kushindia Mjadala

Wahenga walinena kwamba kufa kufaana. Methali hii ni miongoni mwa zile ambazo wanafunzi wetu huzikariri kwa ajili ya mtihani, wakaandika maana yake kwa sentensi moja, kisha wakaendelea na swali linalofuata. Ukiwauliza, watakujibu kuwa maana yake ni hii: mmoja akifa, mwingine hunufaika. Jibu hilo si kosa. Lakini tukilitazama umbo la kitenzi chenyewe, tutaona kuwa kufaana ni kufaa kulikotiwa kiambishi cha kutendana, na kutendana hakukamiliki kwa upande mmoja. Kwa hivyo methali imebeba nyuso mbili: uso wa mrithi anayengojea kugawana mali, na uso wa jirani anayefika matangani na mfuko wa sukari ili aliyefiwa asibaki peke yake. Kila msiba hutuuliza ni uso upi tutakaouvaa.

Swali hilo nimelitafakari mara nyingi kuhusiana na kifo kimoja kilichotokea mbali nasi, nchini Marekani, alfajiri ya tarehe 19 Aprili 2004. Siku hiyo Jim Cantalupo, mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wa kampuni ya mikahawa ya McDonald's, alifariki ghafla mjini Orlando, katika jimbo la Florida, kwa kile kilichoelezwa na kampuni yake kuwa ni mshtuko wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 60. Alikuwa amekwenda huko kuhudhuria mkutano mkubwa wa wamiliki wa mikahawa, yaani wafanyabiashara walionunua haki ya kutumia jina la kampuni hiyo, waliokusanyika kwa maelfu kutoka pembe zote za dunia.

Huenda msomaji akaniuliza: nasi yatuhusu nini mauti ya tajiri wa ng'ambo aliyekufa zaidi ya miaka 20 iliyopita? Namwomba anistahimilie. Sinuii kumlilia wala kumhukumu mtu huyo. Ninachotaka kuchunguza ni maneno yaliyosemwa juu ya maiti yake, kwa kuwa maneno hayo yana ndugu zao hapa petu, na ndugu hao nimewasikia matangani, ofisini na hata katika ukumbi wa walimu.

Kwanza tumfahamu marehemu. Cantalupo alikuwa mhasibu kwa taaluma, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyejiunga na McDonald's mwaka 1974. Kwa miaka mingi aliongoza shughuli za kampuni hiyo nje ya Marekani, wakati mikahawa yake ilipokuwa ikienea katika nchi moja baada ya nyingine. Alikuwa amekwisha kustaafu alipoitwa tena Januari 2003, kampuni ilipokuwa taabani. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2002 McDonald's ilikuwa imepata hasara kwa mara ya kwanza tangu hisa zake zianze kuuzwa kwa umma. Mzee huyu aliyerudishwa kazini alisema kuwa kampuni isishughulike tena na kuwa kubwa zaidi bali na kuwa bora zaidi. Akapunguza kasi ya kufungua mikahawa mipya na kuhimiza usafi na huduma katika ile iliyopo. Saladi za aina mpya zikaingia katika orodha ya vyakula. Kati ya Machi 2003 na siku aliyokufa, bei ya hisa ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu.

Basi habari za kifo chake zilipotangazwa asubuhi ile, watu waliitika kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ilikuwa ya soko. Saa chache tu baada ya mauti, bodi ya wakurugenzi ilikuwa imekwisha kumteua mrithi, Charlie Bell, raia wa Australia mwenye umri wa miaka 43, aliyeanza kazi katika mkahawa wa kampuni hiyo mjini Sydney akiwa kijana wa miaka 15. Bei ya hisa ilishuka siku hiyo kwa kiasi kisichofikia asilimia 3. Mkutano wa Orlando haukuvunjwa, na mrithi akawahutubia waliohudhuria siku iyo hiyo. Wachambuzi wa mambo ya fedha waliisifu bodi kwa kuwa na mpango wa urithi uliotayarishwa mapema, na hadi leo kisa hiki hutajwa kama kielelezo cha utayari huo. Sioni vibaya katika sifa hizo. Kampuni yenye maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi haina budi kujua nani atashika usukani nahodha akianguka. Hata hivyo, ni vyema tukaona kuwa soko lina lugha yake ya kuombolezea, na lugha hiyo ina maneno machache sana: imepanda, imeshuka, imetulia.

Namna ya pili ilikuwa ya waliomjua. Wafanyakazi, wamiliki wa mikahawa na hata washindani wake katika biashara walitoa rambirambi. Hao walimtaja kama mume na baba wa watu, na mwenzao wa kazi wa miaka 30. Maneno ya namna hii hufanana ulimwenguni kote, na kufanana huko si dosari. Tanzia haitungwi kwa ajili ya kuonyesha ubunifu.

Namna ya tatu ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kabla maiti haijarudishwa kwao, mizaha ilikuwa imekwisha kuenea. Mkuu wa kampuni inayouza nyama iliyosagwa na viazi vya kukaangwa amekufa kwa moyo: wachekeshaji waliona hapo hadithi iliyojitunga yenyewe. Wapo waliocheka tu. Wapo walioandika kwa unyofu kabisa kwamba kifo hiki ni ushahidi, kwamba kilichowapata wateja sasa kimempata muuzaji. Hata vyombo vya habari vilivyojiheshimu havikuweza kuzuia nyusi zao kupanda, vikataja "kinaya" cha tukio lile katika aya ya pili au ya tatu ya habari.

Lau tukio hilo lingetokea kwetu, najua methali ambayo ingetangulia kutamkwa: mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hii ina utamu wake. Huturidhisha kwa kuwa hutupa ulimwengu wenye mizani, ambamo ubaya humrudia mtendaji na hesabu hufungwa bila deni. Lakini methali ni chombo cha kusemea, si chombo cha kupimia. Anayeitamka hajathibitisha kuwa kisima kilichimbwa na huyu, wala kuwa aliyetumbukia ametumbukia humo. Ni kama mtu aliyeona moshi kwa jirani akasema nyumba inaungua, kumbe jirani anachoma taka.

Hebu tuipime hoja hiyo kwa mizani ya kawaida ya fikra. Madai ni haya: mtu fulani aliongoza kampuni ya chakula cha haraka, mtu huyo amekufa kwa mshtuko wa moyo, kwa hivyo chakula hicho ndicho kilichomuua. Msemaji hakukaa naye mezani kwa miaka 60. Hakumpima damu, hakumjua baba yake wala babu yake, hakujua alilala saa ngapi wala alibeba mashaka gani katika kuiokoa kampuni. Ana nukta mbili tu, na kati yake amechora mstari kwa kalamu ya wino.

Tukikubali mantiki hiyo, basi hatuna budi kuikubali pia inapotupeleka tusikotaka. Harland Sanders, yule mzee wa ndevu nyeupe ambaye sura yake imo katika kila mkahawa wa KFC, ikiwemo ile iliyoanza kufunguliwa Nairobi mwaka 2011, alifariki mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 90. Ray Kroc, aliyeijenga McDonald's kutoka mkahawa wa ndugu wawili wa California hadi ikawa kampuni ya kimataifa, alifariki mwaka 1984 akiwa na miaka 81. Je, tuseme kuku wa kukaangwa huongeza umri? Hakuna mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Basi asiyekubali umri wa Sanders kuwa ushahidi wa kutetea chakula hicho hana haki ya kukifanya kifo cha Cantalupo kuwa ushahidi wa kukishtaki.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi, nacho kinaelekea upande wa pili. Mwaka 1977 Mmarekani aitwaye Jim Fixx alichapisha kitabu juu ya mbio, kilichouzwa kwa wingi na kuwatoa watu vitini kwenda kukimbia barabarani. Julai 1984 Fixx alianguka na kufa kwa mshtuko wa moyo, naye alikuwa katika mbio zake za kila siku huko Vermont. Alikuwa na miaka 52. Kicheko kilikuwa kile kile, ila kilicheka upande mwingine wa mdomo: mnaona, mazoezi yenyewe yanaua! Wavivu walifurahi kama watu waliosamehewa deni. Ni wachache walioketi kusikiliza maelezo yaliyofuata: kwamba baba yake Fixx alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa na miaka 35 na kufa akiwa na miaka 43, kwamba Fixx mwenyewe, kabla ya kuanza kukimbia, alikuwa mnene na mvutaji wa pakiti mbili za sigara kwa siku, na kwamba mishipa ya moyo wake ilikutwa imeziba vibaya. Pengine mbio zilimwongezea miaka badala ya kumpunguzia. Lakini ukweli wa namna hiyo una miguu mizito, na mzaha una mbawa.

Na miezi miwili tu kabla ya kifo cha Cantalupo, Wamarekani walikuwa wakizozana juu ya maiti nyingine. Daktari Robert Atkins, aliyekuwa maarufu kwa kuwashauri watu wale nyama na mafuta na kupunguza wanga, aliteleza kwenye barafu mjini New York Aprili 2003, akaumia kichwa na kufa siku chache baadaye. Februari 2004 taarifa ya uchunguzi wa maiti yake ilifichuliwa magazetini, ikionyesha kuwa alikuwa na uzito wa kilo 117 alipokufa. Wapinzani wake wakashangilia. Mjane na madaktari wake wakajibu kuwa alipolazwa hospitalini alikuwa na kilo takriban 88, na kwamba kilo nyingine zilitokana na maji yaliyomjaa mwilini alipokuwa hana fahamu. Mtu aliteleza, akapasuka kichwa, na bado watu wakagombania mizani ya kumpimia ili washinde mjadala wa mkate na nyama!

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba chakula hakihusiani na moyo. Kinahusiana sana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, yaani karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani, na kwamba zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, nchi kama yetu. Chumvi nyingi, mafuta mabaya, sukari, tumbaku, pombe na kukaa bila kuushughulisha mwili ni mambo yaliyochunguzwa kwa miaka mingi, na ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2015 taasisi ya shirika hilo inayochunguza saratani iliiweka nyama iliyosindikwa, kama vile soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Lakini tazama jinsi maarifa hayo yalivyopatikana. Hayakupatikana kwa kuonyesha kidole jeneza moja. Yalipatikana kwa kufuatilia maelfu ya watu kwa miaka, kuwalinganisha wanaokula hivi na wanaokula vile, na kutenganisha sababu moja na nyingine. Maarifa hayo hutuambia kuwa katika watu 1,000 wenye tabia fulani watakufa wengi zaidi kuliko katika 1,000 wasio nayo. Hayatuambii, kwa kutazama jina gazetini, kwa nini fulani bin fulani ameanguka leo. Anayechanganya mambo haya mawili huivunjia heshima sayansi ile ile anayodhani anaitetea.

Mambo yaliyofuata katika kampuni hiyo yaliwapima hata wacheshi. Charlie Bell alikuwa katika wadhifa wake mpya kwa wiki chache tu alipogunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji Mei 2004. Alijiuzulu Novemba mwaka huo ili apiganie maisha yake, akafariki mjini Sydney Januari 2005. Alikuwa na miaka 44. Sasa ule mzaha wa Aprili ungesemwaje tena? Kijana aliyeanza kwa kufanya usafi na kuuza vyakula mkahawani, akapanda ngazi moja moja hadi kileleni, akakaa kileleni miezi saba. Mbele ya habari kama hiyo methali ya mchimba kisima huishiwa na pumzi.

Kuna hasara nyingine ambayo wakosoaji wa vyakula hivyo hawakuihesabu. Wakati Cantalupo alipokufa, mjadala wa haki na wa lazima ulikuwa ukiendelea Marekani. Januari 2003 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York alikuwa ameitupilia mbali kesi ya vijana walioilaumu McDonald's kwa unene wao, ingawa aliacha mlango wazi ili mashtaka yarekebishwe. Januari 2004 mtengenezaji wa filamu Morgan Spurlock alikuwa ameonyesha kwa mara ya kwanza filamu yake juu ya siku 30 alizokula vyakula vya kampuni hiyo peke yake. Machi 2004 kampuni ilitangaza kuwa itaviondoa vipimo vyake vikubwa mno vya viazi na soda. Maswali yaliyokuwa mezani yalikuwa mazito: matangazo yanayolenga watoto, ukubwa wa vipimo, ukweli wa maelezo juu ya kilichomo ndani ya chakula, na wajibu wa serikali. Haya ni maswali ya sera. Yanamhusu mtoto wa maskini anayeona tangazo kabla ya kujua kusoma. Mzaha juu ya maiti uliyaondoa maswali hayo mezani na kuweka badala yake moyo wa mtu mmoja. Kampuni ikapata nafasi ya kusimama kama iliyofiwa, wakosoaji wakabaki wakionekana kama watu wasio na utu, na yule mtoto akasahauliwa.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko karibu nasi. Waswahili wana methali nyingine: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nimeisikia methali hii ikitamkwa kwa sauti ya chini katika matanga ya watu ambao hawakuwa wakuu wa kampuni yoyote. Mama aliyekufa kwa kisukari: alipenda chai ya sukari mno. Dereva aliyeanguka kwa shinikizo la damu: si alikuwa akila chipsi kila siku mchana? Mwalimu aliyekatwa mguu: tulimwambia. Wanaosema hayo si watu wabaya. Mara nyingi wanajiliwaza. Nikisadiki kuwa marehemu alikufa kwa kosa lake, basi mimi nisiye na kosa hilo sitakufa. Lawama ni hirizi tunayojivisha mbele ya jeneza la mwenzetu.

Hirizi hiyo ina bei, na anayeilipa ni aliye hai na mgonjwa. Yule anayepimwa na kuambiwa kuwa shinikizo lake la damu liko juu hujua tayari watu watasema nini. Basi huficha. Hunywa dawa kwa siri au haziendei kabisa. Hatimaye huanguka ghafla, nasi husema kifo kimekuja bila taarifa, kumbe taarifa ilikuja mapema ikakosa mahali pa kusemewa. Dereva yule hakuchagua chipsi kwa ulafi. Alikuwa na nusu saa ya kupumzika na shilingi chache mfukoni, na kilichokuwa karibu, chenye moto na cha kushibisha, kilikuwa chipsi. Asiyeuliza swali la nusu saa na la shilingi hajauliza lolote juu ya chakula.

Je, basi tuseme kicheko hakina nafasi matangani? Hapana. Mila zetu zinajua zaidi ya hayo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kuna utani, na wanaisimu na wanaanthropolojia wameuchunguza kwa miaka mingi. Kule Tanzania watani, kama vile Wazaramo na Wanyamwezi, wana ruhusa ya kufanya mzaha hata mazikoni: mtani anaweza kumwigiza marehemu, akamtania kwa ubahili wake, akalizuia jeneza hadi alipwe, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Lakini tazama masharti ya ruhusa hiyo. Mtani hufika. Aghalabu hushika jembe, huchota maji, husaidia kuzika. Mzaha wake hulipiwa kwa jasho lake, naye anajua kuwa siku ikigeuka ataliwa utani yeye. Hapo ndipo kufaana kunapotimia. Aliyefanya mzaha juu ya Cantalupo kutoka studio ya mbali hakuwa na utani naye. Hakubeba jembe, wala hakuwa na zamu ya kutaniwa. Kilichokosekana si adabu tu, bali uhusiano.

Lugha yetu nayo imehifadhi busara kuhusu jambo hili ndani ya maneno ambayo tunayatamka bila kuyasikia. Tunamwita aliyekufa marehemu. Neno hili limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya rehema. Marehemu ni aliyerehemiwa. Yaani kabla hatujasema lolote juu yake, jema au baya, sarufi imekwisha kumwombea. Tunasema amefariki, na kufariki asili yake ni kuachana, kufarikiana; neno linawataja wawili, aliyeondoka na aliyeachwa. Tanzia, ambalo leo hutumika kwa tangazo la kifo na kwa mchezo wa majonzi, limetokana na neno la kuliwaza. Na pole, neno dogo tunalolitoa bure kwa aliyejikwaa na kwa aliyefiwa, halimuulizi mtu kama jiwe aliliweka yeye njiani. Huambiwa aliyeumia kwa sababu ameumia.

Hoja yangu isigeuzwe kuwa amri ya kunyamaza. Wapo wenye mamlaka na mali wanaopenda kujificha nyuma ya usemi kwamba marehemu hasemwi, ili matendo yao yazikwe pamoja nao. Hilo nalipinga. Mtu wa umma husemwa, hai au mfu. Kampuni yake ichunguzwe, maamuzi yake yapimwe, na waliodhurika wasikilizwe hata kabla ya arubaini. Ninachodai ni kitu kimoja tu: tumhukumu kwa alivyoishi na alivyotenda, si kwa jinsi alivyokufa. Matendo yana ushahidi unaoweza kuchunguzwa na kupingwa. Kifo ni tukio linalompata mwema na mwovu, mkimbiaji na mlafi, na hakitoi hukumu kwa yeyote.

Kipimo cha uadilifu ni kuitumia kanuni hiyo hata kwa aliye upande wetu. Morgan Spurlock, yule aliyeishtaki McDonald's kwa filamu yake, alifariki Mei 2024 kutokana na saratani, akiwa na miaka 53. Miaka michache kabla, mwaka 2017, alikuwa amekiri hadharani kuwa amekuwa mlevi kwa muda mrefu, jambo lililowafanya wengi waitilie shaka afya aliyodai kuwa nayo alipoianza filamu. Kuipima upya filamu yake kwa mwanga wa ungamo hilo ni halali, tena ni wajibu wa kitaaluma. Lakini kufanya mauti yake kuwa ushindi wa wauza nyama ni kosa lile lile la mwaka 2004 lililovaa kanzu nyingine. Aliyemcheka Cantalupo akamlilia Spurlock, au kinyume chake, hajafuata kanuni, amefuata timu.

Nawageukia walimu wenzangu na wanafunzi wetu. Tunapofundisha insha na mjadala, hujishughulisha sana na msamiati, tamathali na upatanisho wa kisarufi, na ni haki tufanye hivyo. Lakini wanafunzi hao hao watatoka darasani na kukutana na hoja zenye upatanisho mzuri wa kisarufi na mantiki iliyovunjika. Napendekeza zoezi jepesi. Mwanafunzi aletewe habari ya kifo cha mtu mashuhuri, kisha aorodheshe yale yaliyoshuhudiwa, yale yaliyokisiwa, na yale yaliyotamaniwa na mwandishi. Aulizwe: je, tungelikubali mantiki hii kama marehemu angekuwa wa upande wetu? Aidha, apewe methali mbili zinazopingana na aeleze kila moja inastahili kutumiwa wapi. Mwanafunzi anayejua kuwa methali ni wakili wala si hakimu amejifunza jambo litakalomfaa zaidi ya alama za mtihani.

Wahenga walituachia methali nyingi kwa makusudi, ili asiwepo atakayekosa ya kumwumiza mwenziwe wala atakayekosa ya kumliwaza. Uchaguzi ni wetu. Tukifika penye msiba, tuseme pole kwanza. Maswali ya chakula, ya biashara na ya haki yatatungojea nje ya mlango, nayo tutayauliza vizuri zaidi tukiwa tumekwisha kuzika.